Ronald Ngala si steji tu

Ukitoka Gatina kwenda tao, unapanda 46, unashuka katikati ya jiji, halafu miguu inamalizia kazi. Mimi huenda huko karibu kila wiki kutafuta chaja na vifuniko vya simu vya kuuza mtaani. Unapita Moi Avenue, unakatiza Tom Mboya, unaingia Ronald Ngala, na hapo ni kelele tu. Makanga wanaita, mikokoteni inakusukuma utoke njiani, na ukizubaa dakika moja simu yako imeshapata mwenyewe mwingine.

Mwezi uliopita nilienda na binamu yangu, yuko kidato cha tatu. Akaniuliza huyu Ronald Ngala alikuwa nani hasa. Moi anamjua. Mboya anamjua kwa sababu ya ile sanamu. Lakini Ngala kwake ni steji ya matatu. Nikamwambia alikuwa mpigania uhuru, jibu ambalo sisi wote hutoa tukiwa hatujui kitu. Alinitazama tu, akajua.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini maktaba haiulizi mtu karo. Nikaenda kusoma. Na nilichokipata kilinishangaza, manake maisha ya huyu mzee ni kama somo la jinsi Bunge la Kenya linavyohesabiwa. Hesabu ya viti ilimfanya aongoze serikali akiwa na chama chenye viti 11 tu. Miaka mitatu baadaye hesabu ya viti ikamaliza hicho chama chake, na ni yeye mwenyewe aliyesimama Bungeni kukifunga.

Wacha nianze mwanzo.

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwaka wa 1923 huko Kilifi, Mgiriama, mmoja wa jamii za Mijikenda. Alisoma Alliance, akaenda Makerere kule Uganda kusomea ualimu, kisha akarudi Pwani kufundisha. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa. Wakati huo mwalimu mkuu Mwafrika alikuwa mtu mzito. Watu walimletea barua awasomee na kesi awaamulie, na ilikuwa kawaida kumwambia agombee.

Machi 1957 Wakoloni waliruhusu Waafrika kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu, kwa nchi nzima. Ngala akachukua cha Pwani. Wengine saba walikuwa Jaramogi Oginga Odinga, Tom Mboya, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Bernard Mate, Lawrence Oguda na James Muimi. Hebu fikiria, barabara tatu ambazo mimi na binamu yangu tulizipita siku ile zimepewa majina ya watu watatu kati ya hao wanane.

Hao wanane wakasukuma wakaongezewa viti sita mwaka wa 1958, wakawa 14. Wakasukuma tena hadi wakaitwa London, jumba la Lancaster, Januari 1960, kujadili katiba mpya. Kiongozi wa ujumbe wa Waafrika huko alikuwa nani? Ngala. Mboya alikuwa katibu wake. Walichagua mtu mpole kutoka jamii ndogo kwa sababu wale vigogo wenyewe hawakuwa wanaaminiana.

Wakarudi nyumbani wakijua Waafrika watakuwa wengi kwenye Baraza. Hapo ndipo swali lilibadilika. Kabla ya hapo lilikuwa ni Mwafrika dhidi ya Mzungu. Sasa likawa ni Mwafrika yupi.

Mei 1960 KANU ikaundwa. James Gichuru akawa rais wa chama akimshikia nafasi Jomo Kenyatta, ambaye bado alikuwa kizuizini. Odinga makamu, Mboya katibu mkuu. Ngala akachaguliwa mweka hazina na Moi naibu wake, wote wawili wakiwa hawako hata nchini. Waliporudi wakakataa. Waliona KANU ni chama cha jamii kubwa, hasa Wakikuyu na Wajaluo, na kwamba wale wadogo wamepewa nafasi za kukaa kwenye picha tu. Mwezi uliofuata, kule Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, watu wa Pwani, Waluhya wa Muliro na baadhi ya Wasomali vikaungana kuwa KADU. Ngala akawa rais wa chama.

Usiniulize nani alikuwa sawa. Wasiwasi wa jamii ndogo ulikuwa wa kweli. Na pia ni kweli kwamba walowezi Wazungu walifurahi sana kuona Waafrika wamegawanyika, na baadhi yao wakaipenda KADU kupita kiasi. Mambo yote mawili yalikuwepo.

Sasa tufike kwenye hesabu, na hapa usiruke.

Februari 1961 kulikuwa na uchaguzi. Baraza lilikuwa na viti 65. Kati ya hivyo, 33 vilikuwa wazi kwa yeyote, 20 vilitengewa Wazungu, Wahindi na Waarabu, na 12 vilijazwa na wabunge wenyewe kwa kupiga kura. KANU ilipata kama asilimia 67 ya kura za wananchi na viti 19 vya wazi. KADU ilipata kama asilimia 16 na viti 11. Ukiangalia hivyo unasema mechi imeisha.

Haikuwa imeisha. KANU ilisema haitaunda serikali Kenyatta akiwa bado amefungiwa. Gavana akakataa kumwachilia wakati huo. Basi akamgeukia Ngala. Ngala akaweka viti vyake 11 mezani, akaongeza wale wa chama cha Michael Blundell, akaongeza wabunge wa Kihindi, na Gavana akateua wengine juu ili hesabu itoshe. Mwisho wa Aprili 1961, mtu ambaye chama chake kilipata kura moja kati ya sita akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu.

Nilisoma hapo mara mbili. Sisi tumekuzwa tukiambiwa mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Lakini serikali ya aina ile haikuhesabu kura zako wewe moja kwa moja. Ilihesabu watu walioketi ndani ya jumba. Ngala alilijua hilo akalitumia, na kwa muda likamfaa.

KANU walimwita kibaraka. Lakini ni wakati wa serikali hiyo ambapo Kenyatta aliachiliwa, Agosti 1961. Oktoba akachukua uongozi wa KANU. Hakuwa na kiti, kwa hivyo kijana aitwaye Kariuki Njiiri akajiuzulu kiti chake ili mzee aingie Barazani, Januari 1962. Kuanzia hapo Ngala alikuwa anacheza na mtu mwingine kabisa.

Mwaka huo wa 1962 walirudi London. Hapo ndipo Ngala alishinda vita vyake vikubwa zaidi, vita vya majimbo. Alitaka nchi igawanywe katika majimbo yenye mabaraza yake na mamlaka yake, hasa juu ya ardhi na polisi, ili Mgiriama wa Kilifi au Mturkana asisubiri Nairobi iamue kila kitu. KANU hawakupenda, lakini walikubali kwa sababu walitaka uhuru uje haraka. Kenyatta na Ngala wakaingia serikali moja ya mseto, wote mawaziri, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Katiba iliyotoka ilikuwa na mabunge mawili. Chini kulikuwa na Baraza la Wawakilishi lenye viti 129, ambavyo 117 vilikuwa vya maeneobunge na 12 vya kuchaguliwa na wabunge wenyewe. Juu kulikuwa na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya pamoja na Nairobi. Na kulikuwa na kufuli. Ili ubadilishe katiba ulihitaji robo tatu ya kila nyumba. Na kama unataka kugusa majimbo yenyewe, Seneti ulihitaji tisa ya kumi.

Piga hesabu na mimi. Tisa ya kumi ya 41 ni 37. Kwa hivyo maseneta watano tu wakikataa, majimbo yako salama. Ngala lazima alilala vizuri usiku huo.

Mei 1963 uchaguzi ukafanywa. KANU ikapata wawakilishi 83. KADU ikapata 33. Chama cha Paul Ngei, kilichokuwa na nguvu Ukambani, kikapata wanane. Viti vitano vya kaskazini mashariki vilibaki wazi kwa sababu Wasomali wa huko walisusia, walitaka kujiunga na Somalia. Kenyatta akawa Waziri Mkuu na Ngala akawa Kiongozi wa Upinzani. Desemba 12 bendera ikapanda.

Robo tatu ya 129 ni 97. KANU ilikuwa na 83. Ngei na watu wake wanane walirudi KANU hata kabla ya bendera kupanda. Hiyo ni 91. Zinabaki sita tu.

Sasa hapa ndipo hadithi inanigusa. Hakuna mtu aliyewapiga risasi wabunge wa KADU ili wahame. Hakukuwa hata na haja. Serikali kuu ilishika pesa, na majimbo yalisubiri pesa ambazo zilichelewa. Serikali ilishika kazi, barabara, shule na vibali. Mbunge wa upinzani akirudi nyumbani wikendi watu wanamuuliza maji yako wapi. Hana jibu. Mwenzake wa KANU wa wilaya jirani ana jibu. Baada ya miezi michache anaanza kufikiria. Mmoja anahama, anaahidiwa kitu. Wawili wanahama. Wale wanaobaki wanaangaliana Bungeni, kila mmoja akijiuliza nani anafuata.

Na kumbuka, wakati huo ukihama chama hukupoteza kiti. Watu walikuchagua ukiwa KADU, ukalala, ukaamka KANU, na kiti ni chako. Hakuna aliyerudi kijijini kuuliza.

Kufikia mwisho wa 1964 serikali ilikuwa inaleta marekebisho ya kuifanya Kenya jamhuri yenye rais na kuanza kuvunja majimbo. Ilitangaza kwamba Seneti ikikataa, itaenda kwa wananchi kwa kura ya maamuzi. Ngala alikuwa na njia mbili. Angebaki na kundi lake dogo, apinge hadi mwisho, ashindwe mbele ya kila mtu na aitwe adui wa taifa jipya. Au angefunga duka mwenyewe.

Novemba 10, 1964, alisimama Bungeni akatangaza KADU imevunjwa na wabunge wake wanajiunga na serikali, kwa ajili ya umoja wa taifa. Siku hiyo Kenya ikabaki bila upinzani Bungeni. Mwezi mmoja baadaye tukawa jamhuri.

Je, alisaliti? Nimebishana na watu wa Gatina juu ya hili, kuanzia kinyozi hadi kwa mama wa chapati. Wengine wanasema kiongozi wa kweli angekufa na chama. Mimi zamani ningesema hivyo. Sasa sina hakika. Mwaka ule wa kwanza wa uhuru, Pwani na Bonde la Ufa kulikuwa na hofu ya damu, na watu wa KADU walikuwa wameshatishia kujitenga. Kama Ngala angewasha moto, si yeye angeungua kwanza, ni watu wake. Lakini pia najua kwamba alipofunga chama alifunga pamoja nacho sauti za watu waliosimama juani kumpigia kura mwaka mmoja na nusu kabla. Hao hawakuulizwa.

Na malipo yake? Hapa ndipo unaona siasa haina huruma. Kenyatta alipounda serikali ya jamhuri, Moi, aliyekuwa chini ya Ngala kwenye KADU, alipewa wizara moja kwa moja. Januari 1967 akawa Makamu wa Rais, na 1978 akawa Rais. Ngala, aliyekuwa mkubwa wake, alisubiri hadi 1966 ndipo akapewa uwaziri, wa ushirika na huduma za jamii. Mwaka huohuo kwenye mkutano wa Limuru, KANU iliondoa cheo cha makamu mmoja wa chama ili kumbana Odinga, ikaweka makamu wanane wa mikoa. Ngala akawa wa Pwani.

Odinga akatoka akaenda chama kipya cha KPU. Wabunge na maseneta kadhaa wakamfuata. Sasa sikiza hii. Watu wa KADU walipohamia KANU mwaka wa 1964, hakuna aliyeambiwa arudi kwa wapigakura. Lakini watu wa KANU walipohamia KPU mwaka wa 1966, sheria ilitengenezwa mbiombio kwamba ukihama chama unapoteza kiti. Uchaguzi mdogo wa viti 29 ukafanywa Juni, na KPU ikarudi na tisa tu. Kanuni ilikuwa nzuri. Ilitungwa tu siku ambayo iliumiza upande mwingine.

Kabla mwaka huo kuisha, Seneti, ile kufuli ya Ngala, ikafutwa pia. Unajua walivyowashawishi maseneta wajifute? Kila mmoja alipewa eneobunge. Ongeza 41 kwa 117, unapata 158. Ndiyo maana uchaguzi wa 1969 ulikuwa na maeneobunge 158. Oktoba ya mwaka huo KPU ilipigwa marufuku, na Kenya ikabaki na chama kimoja Bungeni hadi miaka ya tisini.

Ngala hakuuona mwisho wa hayo yote. Baada ya uchaguzi wa 1969 alikuwa Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, kwenye barabara ya Mombasa. Habari iliyotolewa ni kwamba nyuki waliingia ndani ya gari. Alifariki Krismasi, Desemba 25, akiwa karibu miaka 50. Pwani hadi leo kuna wazee ambao ukiwatajia wale nyuki wanatikisa kichwa tu. Mimi sina ushahidi wa kitu kingine, kwa hivyo naachia hapo.

Basi kwa nini nakusumbua na mambo ya 1964?

Kwa sababu 25 Juni 2024 vijana wengi wa umri wangu walikuwa tao, wengine hawakurudi, na ndani ya Bunge wakati huohuo kulikuwa na hesabu. Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Wengi wetu tulijua jina la Rais na majina ya vitozwaji machozi. Wangapi tulijua nani yuko upande gani ndani ya lile jumba? Miezi miwili haikuisha, baadhi ya vigogo wa upinzani wakaapishwa kuwa mawaziri. Mimi nilikuwa kibandani kwangu nikiangalia kwa simu, nikakumbuka wale wabunge wa KADU wakiangaliana.

Leo Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 bila Spika. Wa maeneobunge ni 290, wawakilishi wa kike wa kaunti 47, na wa kuteuliwa 12. Katiba ya 2010 inasema mbunge akijiuzulu kutoka chama chake anapoteza kiti. Inaonekana ni kufuli nzuri. Lakini Oktoba 2022 Spika aliamua Kenya Kwanza ndio wengi, 179 kwa 157 za Azimio, baada ya vyama vilivyoingia uchaguzini vikiwa Azimio kuhamia upande wa pili. Februari 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo, na siku chache baadaye Spika akasema bado Kenya Kwanza ndio wengi. Mbunge mmoja akihama ni kosa, chama kizima kikihama ni ushirikiano. Na kuna njia rahisi zaidi, unabaki na kofia ya chama chako na unapiga kura na wale wengine.

Lakini kuna jambo moja ambalo Ngala angefurahi kuliona. Yale majimbo yake yalirudi, kwa jina lingine na kwa vipande vidogo. Tuna kaunti 47, na Seneti ikarudi kuzilinda. Ilichukua miaka 46 kutoka siku aliyofunga KADU.

Wiki iliyopita nilimrudia binamu yangu na jibu. Nilimweleza 83, 33 na nane, nikamwachia apige mwenyewe robo tatu ya 129. Alitumia simu, akapata 97, akanyamaza, halafu akauliza wale sita walikuwa nani na watu wa kwao walisemaje. Sikuwa na jibu tena. Lakini hilo ndilo swali. Agosti 2027 tutapiga kura hapa Dagoretti Kaskazini, yeye atakuwa na kitambulisho tayari, na wagombea watakuja Gatina na matarumbeta. Wakifika, sisi wawili tutawauliza siku ile wanahama watatuambia kwanza au tutaona kwa simu.